Mhariri, ule mti kwenye picha yenu ni mlilana

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wenzako wote mnaohangaika kututolea gazeti. Naomba nafasi, najua barua ndefu huwa mnazipunguza ila hii naomba msiipunguze sana manake jambo lenyewe nimekaa nalo moyoni siku nyingi na safari hii mmeligusa nyinyi wenyewe.

Kwenye ile makala ya upandaji wa mikoko, makala nzuri tu sina ugomvi nayo, mliweka picha kubwa ya tawi lenye matunda ya kijani ya mviringo alafu chini yake mkaandika kwamba ni mkoko na matunda yake hayaliwi. Mhariri, hapo kuna makosa mawili kwenye mstari mmoja. Ule siyo mkoko, ule ni mlilana. Na tunda lake linaliwa. Siandiki ili nionekane najua kuliko mwandishi wenu, naandika kwa sababu kosa hilo hilo la kuita kila mti mkoko ndo linaloua miche kwa maelfu kwenye tope kila mwaka, nitafika huko, naomba uvumilivu.

Watu tukisema mikoko tunamaanisha msitu mzima, kila mti unaosimama kwenye maji ya chumvi, na kwa mazungumzo ya kawaida haina shida hata mimi nasema hivo hivo. Lakini duniani kuna aina karibu 70 za miti ya namna hii, na Kiswahili hakijawahi kuichanganya. Kuna mkoko wenyewe, kuna mkandaa, kuna muia ambao wengine wanauita msinzi, kuna mchu, kuna mkomafi, kuna msikundazi, na kuna mlilana. Wazee waliotoa majina hayo hawakuwa na maabara, waliangalia mizizi, ganda, mbao, na mahali mti unapopenda kukaa, basi wakaupa jina lake. Sasa sisi tunaoandika magazetini tumeyatupa yote tumebaki na moja.

Mlilana utaujua kwa mizizi kabla hujainua macho. Mkoko una ile mizizi inayotoka kwenye shina juu na kuinama chini kama miguu ya buibui, kila mtu ameiona kwenye picha. Mlilana hauna. Wenyewe unachomoza vipumulio kutoka chini ya tope, vinasimama wima kama pembe, vinene chini na vyembamba juu, mti mmoja unazungukwa navyo kwa mamia na maji yakipwa ndo unaviona vizuri. Mchu nao una vipumulio lakini vya kwake vyembamba kama penseli, vya mlilana ni kama karoti iliyopinduliwa. Lile tope halina hewa, ukichimba sentimita chache tu oksijeni imekwisha, kwa hiyo mti unavuta hewa kupitia hivo vipembe maji yakitoka, yakijaa unasubiri. Ndo maana mtu akimwaga kifusi au mchanga wa mmomonyoko ukaja ukafunika vile vipumulio, mti unakufa umesimama bila panga kuugusa, na watu wanaanza kusema umeingiwa na ugonjwa.

Juu majani yake manene, yamekaribia mviringo, yanakaa mawili mawili yanatazamana. Na tunda lake ukiliona mara moja hulisahau, lina upana wa sentimita 3 hadi 4 hivi, limekaa kwenye nyota ya kijani yenye ncha sita mpaka nane zilizojikunja kurudi nyuma, na upande wa pili kuna kimkia kilichobaki kutoka kwenye ua. Ile nyota wengi wanadhani ni urembo tu. Angalia komamanga, si lina kitaji pale mwisho? Ni kitu kile kile. Mlilana na mkomamanga ni ukoo mmoja, na mhina uko humo humo, yani hina mnayopaka, komamanga mnalokula na mti unaosimama baharini mpaka kifuani ni ndugu wa familia moja. Mimi siku nilipolijua hilo nililiangalia lile tunda upya kabisa.

Kitaalamu mlilana unaitwa Sonneratia alba. Hilo la kwanza ni kumbukumbu ya Mfaransa Pierre Sonnerat, msafiri na mtafiti wa viumbe wa karne ya 18, na alba ni nyeupe, kwa ajili ya ua. Eneo lake ni kubwa ajabu, unaanzia pwani ya Afrika Mashariki na Madagaska, unavuka Bahari ya Hindi, unapita Asia ya kusini mashariki, kaskazini mwa Australia, unaishia visiwa vya Pasifiki. Mti mmoja, nusu ya dunia. Na kila unakokwenda unashika nafasi ile ile, mstari wa mbele kabisa unaotazama bahari, pale ambapo bamvua linapiga na miti mingine haithubutu. Nyuma yake ndo anakuja mkoko, alafu muia, mkandaa na wengine wanarudi nchi kavu kwa zamu. Hilo la mstari wa mbele lishikeni, ndo msingi wa malalamiko yangu.

Turudi kwenye kula. Tunda la mlilana huu wetu ni chachu, bichi linakaza ulimi, likiiva linalainika lenyewe na harufu inatoka, na watu wa pwani nyingi za Asia wanalila likiwa bichi au limepikwa. Lakini lenye sifa zaidi ni la ndugu yake, Sonneratia caseolaris, ambalo ni kubwa zaidi, linafika sentimita 5 na kupita. Huyu ndugu hapendi chumvi kali, anakaa ndani ya mito pale maji matamu yanapochanganyika na ya bahari, na maua yake yana wekundu. Huko Sri Lanka wanaliita kirala na wanatengeneza kinywaji, unasubiri tunda liive mpaka liwe laini kwenye kiganja, unaliponda ndani ya maji, unachuja sana kwa sababu mbegu ni nyingi mno na ndogo, tunda moja linaweza kuwa na zaidi ya mia, alafu ile rojo unaichanganya na tui la nazi na sukari. Wanaolijua wanasema likiwa bichi ladha ni ya siki na likiiva linakaribia jibini. Indonesia wanaliita pedada au pidada, wanachemsha sharubati nzito ya kuweka kwenye chupa na kutengeneza ile peremende laini inayovutika wanayoita dodol.

Na kuna ndugu wa tatu, Sonneratia apetala, Wabangali wanamuita keora. Huyu yuko kwenye msitu wa Sundarbans, ule msitu mkubwa wa kilomita za mraba kama 10,000 ambao nusu ndogo iko India na kubwa iko Bangladesh, UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia upande wa India mwaka 1987 na upande wa Bangladesh mwaka 1997. Tunda la keora ni dogo, lakini uchachu wake wanautaka, wanaweka achari, wanatengeneza chatne, wanapika mchuzi mchachu na samaki au kamba. Na siyo watu peke yao, wale paa wenye madoa wa Sundarbans wanategemea sana majani na matunda ya keora, na kima wakiwa juu wanakula wanaangusha matawi na matunda, paa wanafuata chini yao kuokota. Mti mmoja unalisha aliye juu, aliye chini na aliye kwenye mtumbwi.

Hapa niseme jambo moja kwa uzito wote. Mtu asisome barua hii akaenda kula tunda lolote analolikuta kwenye mikoko. Mkomafi una tunda kubwa la mviringo kama mpira, hilo siyo la kula. Muia, wapo watu wa Pasifiki na Melanesia wanaokula ule mche wake unaoning'inia, ila mpaka uloweke na uchemshe kutoa ule ukali wa ganda. Na kule Asia kuna mti unaitwa Cerbera, unaota pembeni ya misitu hii hii na tunda lake la kijani linafanana na embe dogo, mbegu yake ina sumu inayosimamisha moyo na imeshaua watu wengi. Kwa hiyo kutaja mti kwa jina lake siyo mambo ya wasomi, ni usalama wa mtoto anayeokota vitu ufukweni. Na pia sisemi tunda la mlilana ni dawa ya kitu chochote, kuna watu kila tunda likitajwa wanasema linatibu kisukari na presha. Ni tunda. Linaliwa. Inatosha.

Sasa ua. Wengi waliopita chini ya mlilana maisha yao yote hawajawahi kuona ua lake likiwa wazi manake linafunguka jioni giza linapoingia na alfajiri zile nyuzi zake nyeupe, mamia, zimeshaanza kudondoka kwenye maji. Usiku mmoja tu. Linafunguka usiku kwa sababu wageni wake ni wa usiku, popo na nondo wakubwa. Malaysia walifuatilia popo mmoja mdogo anayelala mapangoni na kunywa nekta, Eonycteris spelaea, wakakuta anaruka makumi ya kilomita kutoka pangoni kwake kwenda kunywa kwenye maua ya jamii ya mlilana pwani, alafu popo huyo huyo ndo anayechavusha maua ya mduriani. Duriani ni msimu, linachanua kwa muda mfupi, mlilana na ndugu zake wanatoa maua karibu mwaka mzima, kwa hiyo ndo jiko linalomuweka popo hai mpaka msimu wa duriani ufike. Anayekata msitu wa pwani anaharibu mavuno ya shamba lililoko bara ndani kabisa na mwenye shamba hajui kwa nini miti yake haizai. Mimi hili ndo jambo linalonifanya nishindwe kunyamaza.

Na huko huko Malaysia, mto Selangor, watu wanatoka mbali kwenda na mitumbwi usiku kuangalia vimulimuli wanaokaa kwenye miti ya berembang, ambayo ni yule Sonneratia caseolaris wa mitoni. Vimulimuli maelfu kwenye mti mmoja na wanawaka na kuzima kwa pamoja. Hawakai kwenye kila mti, wameuchagua huo. Ukiukata ukapanda mwingine pale hawahamii tu kwa sababu wewe umepanda.

Mbao nayo ina historia yake, mafundi wa vyombo vya baharini wamekata mataruma, zile mbavu za chombo, kwenye mililana hii kwa miaka na miaka, na vile vipumulio kwa kuwa ni vyepesi vimekuwa maboya ya nyavu. Sipiti sana hapo, wanaojua vyombo wataandika wenyewe.

Sasa tufike kwenye malalamiko, na hapo ndio kwanza mkoko unaalika maua.

Kila mwaka tarehe 26 Julai ni siku ya mikoko duniani, UNESCO waliipitisha 2015, na kila mwaka magazeti yanajaa picha za watu wamevaa fulana mpya wamepiga magoti kwenye tope wanachomeka kitu kirefu cha kijani. Hicho kirefu ni mche wa mkoko. Mkoko ni mti wa ajabu, mbegu yake inaota ikiwa bado mtini kwa mama, inarefuka kama mshumaa inaning'inia, ikidondoka iko tayari. Unaokota mia kwa saa moja, unachomeka, umemaliza, hakuna kitalu hakuna kusubiri. Mlilana siyo hivo. Mbegu yake ndogo, bapa, iliyopinda, imo ndani ya tunda, mpaka tunda lioze zitawanyike ndo zinaelea na maji, kwa hiyo ukitaka miche lazima ukusanye matunda yaliyoiva, uyaloweke, utoe mbegu, uzipande kwenye kitalu, usubiri miezi, uhamishie kwenye viriba. Kazi. Basi watu wanachagua rahisi, mkoko kila mahali.

Alafu wanaupeleka wapi? Nyuma kwenye eneo lake kumeshachukuliwa, kuna mashamba ya chumvi, kuna mabwawa ya kamba, kuna mwenye hati. Peupe palipobaki ni mbele, kwenye tope tupu linalotazama bahari. Yani wanachukua mti wa safu ya pili wanauweka safu ya kwanza, kwenye nyumba ya mlilana.

Nilishiriki upandaji wa namna hiyo, nilikuwa na moyo kweli, tulichomeka mpaka jua likazama na waliotuleta walituhesabia miche kwa sauti. Sisemi walikuwa akina nani manake walikuwa na nia njema na mimi nilikuwa mmoja wao. Nikarudi baada ya miezi kadhaa. Miche mingine ilikuwa imeng'oka, mingine imesimama imekauka imejaa vile vidudu vya gamba gumu vinavyoganda kwenye nguzo na kwenye matumbo ya mashua, mche mwembamba umebeba uzito kuliko wenyewe, wimbi likipita unainama hauinuki. Nilitembea mistari mitatu nikahesabu michache sana yenye jani. Na pembeni, pale ambapo hatukupanda, mlilana mmoja mkubwa uliokuwepo tangu zamani umezungukwa na vitoto vyake vilivyojiotea. Hakuna aliyevipiga picha.

Hayo siyo yangu peke yangu. Ufilipino wamepanda kwa miongo mingi na kwa hela nyingi, na mwaka 2008 mwanasayansi wao Jurgenne Primavera na mwenzake walitoa tathmini ya kazi hiyo yote, wakakuta miche iliyobaki hai kwa ujumla ni asilimia 10 mpaka 20 tu. Sababu waliyoitaja ni hiyo hiyo, aina isiyo yake mahali pasipo pake. Kule mkoko wanauita bakhaw na mlilana wanauita pagatpat, na mbele ya bahari ni pa pagatpat na mchu tangu asili, lakini bakhaw ndo rahisi kuchomeka kwa hiyo ikachomekwa. Ongeza na hili, mkoko ukikatwa au ukavunjwa vibaya na kimbunga kwa kawaida hauchipui tena, mlilana unachipua. Sasa wewe unayejenga ukuta wa kuzuia wimbi, utamuweka nani mbele?

Najua kuna atakayeniambia mlilana haupandiki. Unapandika. Bangladesh walianza kupanda misitu kwenye tope jipya la pwani mwaka 1966 na mti waliouchagua kuliko yote ni keora, ndugu wa mlilana, wenye mbegu ndogo vile vile, wenye kitalu vile vile. Walifanya kwa sababu walijua nani anaweza kusimama mbele. Na mahali pengine hata kupanda hakuhitajiki, ukirudisha maji yapite yanavyotakiwa kupita, ukafungua tuta lililoziba mkondo, mbegu zinakuja zenyewe na kila moja inashika pale inapopaweza. Bahari inapanda vizuri kuliko sisi ikiachiwa njia.

Lakini naomba nisieleweke vibaya. Kuna wenzangu wakisoma habari za lile tunda kubwa la Asia wataanza kuuliza mbegu zinapatikana wapi walete. Jamani hapana. Nigeria mwaka 1906 waliletewa mnazi wa majini unaoitwa nipa kutoka Singapore, nao ni wa jamii ya hii hii misitu na kwao Asia ni mti wa heshima unaotoa sukari na makuti, lakini Nigeria umetapakaa kwenye delta ya mto Niger umesukuma mikoko ya asili na sa hivi wanahangaika kuung'oa. China nao mwaka 1985 walichukua keora kutoka Bangladesh wakaipanda Hainan, ikakua haraka mno kuliko miti yao, na mpaka leo watafiti wao wanabishana kama walipata msaada au walijiletea mvamizi. Mti wa mtu mwingine uacheni kwake. Penye mlilana, mlilana unatosha.

Na penyewe una maadui tayari. Mwaka 2016 watafiti walichapisha kazi kutoka pwani ya Kenya wakaonyesha mililana sehemu nyingi inashambuliwa na wadudu wawili, mmoja mbawakawa na mwingine nondo, viluwiluwi vyao vinatoboa ndani ya matawi vinakula kutoka ndani mpaka tawi linakauka. Ukisimama mbali unaona matawi meupe yamekufa kwenye mti mbichi. Nani ataripoti kwenye gazeti kwamba mlilana unaliwa na wadudu kama gazeti halijui kuna mti unaitwa mlilana? Ataandika mikoko inakufa, mwingine atajibu mbona kwetu mikoko mizima, kumbe mmoja anaangalia mlilana mwingine anaangalia mkandaa, na mjadala unaishia hapo. Kule Asia yupo ndugu mwingine, Sonneratia griffithii, ambaye shirika la uhifadhi la IUCN limeshamuweka kwenye daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Naamini wengi waliokuwa wanamkata hawakujua ni yeye.

FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwenye ripoti ya 2020 walisema dunia nzima imebaki na hekta milioni 14.8 za misitu hii. Ni namba inayoonekana kubwa lakini ni ukanda mwembamba tu umeshika ukingo wa nchi zaidi ya mia moja, na ndani ya ukanda huo safu ya mlilana ni nyembamba zaidi, mahali pengine ni miti mitatu minne kutoka majini mpaka unaanza mkoko. Safu hiyo ikitoka wimbi linampiga mkoko moja kwa moja na yeye hakujengwa kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo Mhariri ninachoomba siyo kikubwa. Mkiandika habari ya upandaji, mwandishi wenu aulize ni miti gani, ipandwe umbali gani kutoka maji yanapopwa, na mbegu zimetoka wapi. Akijibiwa "mikoko tu" aandike hivo hivo kwamba amejibiwa mikoko tu, wasomaji tutaelewa. Idadi ya miche iliyochomekwa siku ile haina maana, mtu yeyote anaweza kuchomeka elfu kumi kabla ya chakula cha mchana. Rudini baada ya mwaka, rudini baada ya miaka mitatu, pigeni picha pale pale mlipopiga ya kwanza na mziweke zote mbili ukurasa mmoja. Mimi nikiwa hai nitanunua nakala za gazeti hilo niwagawie watu.

Na mkipata nafasi mtumeni mpiga picha mmoja, jioni, akae chini ya mlilana wenye vichupa vya maua vilivyovimba, asubiri giza liingie bila kuwasha taa kubwa. Saa moja saa mbili hivi yataanza kufunguka. Akipata popo mnitafute, ile picha naitaka.

Kwa sasa naomba ile ya wiki iliyopita mrekebishe maelezo yake, hata kama ni mstari mmoja mdogo kule pembeni mnakowekaga masahihisho. Andikeni: mti kwenye picha ni mlilana, na tunda lake linaliwa.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi